Taa za Wigo Kamili na Mionzi ya UV kwa Reptilia Wafugwao: Namna ya Kuchagua, Kufunga na Kupima

Tyubu mbili zenye urefu mmoja zikiwashwa sambamba juu ya kizimba cha mjusi, na mtu yeyote akiulizwa ni ipi inayomfaa mnyama, ataelekeza kidole kwenye ile inayong'aa zaidi, na mara nyingi atakuwa amekosea. Nilijifunza jambo hilo kwa tyubu yangu mwenyewe. Ilikuwa imekwisha kuwaka kwa karibu miaka miwili, nyeupe kama siku ya kwanza, na mjusi wangu alikuwa akipanda gogo lake kila asubuhi na kujilaza chini yake kama kawaida. Siku nilipoazima kipimo cha mionzi na kukishikilia juu ya gogo hilo, kilisoma 0.3 kwa kielezo cha UV, yaani namba ya ukali wa mionzi ya jua, na nilipoifungua tyubu hiyo na kufunga mpya ya aina ileile mahali palepale, kilisoma 3.6. Mwanga haukuwa umepungua kwa namna ambayo ningeweza kuitambua nikiwa nimesimama pale. Kilichokuwa kimekwisha ni kile ambacho jicho halikioni.

Kwa sababu hiyo, hatua zote zinazofuata zinarudi kwenye swali moja: ni mionzi kiasi gani inayofika kwenye mgongo wa mnyama, pale anapolala, hata kama boksi la taa limeandikwa jambo jingine.

## Mwanga una nini ndani yake

Mwanga tunaouona sisi binadamu huanzia takribani nanomita 400, upande wa rangi ya urujuani, na kuishia karibu na nanomita 700, upande wa nyekundu. Chini ya nanomita 400 kuna mionzi ya urujuanimno, ambayo kwa kifupi huitwa UV, nayo hugawanywa katika mafungu matatu. UVA iko kati ya nanomita 315 na 400, UVB kati ya 280 na 315, na UVC iko chini ya 280. Vitabu vingi vya ufugaji huweka mpaka wa UVA na UVB kwenye nanomita 320, kwa hiyo msomaji asishtuke akikuta tarakimu hizo zinapishana kidogo.

UVA ni sehemu ya rangi anazoziona mnyama. Mijusi wengi wanaotembea mchana wana seli za jicho za aina nne zinazotambua rangi, wakati binadamu tuna aina tatu, na ile aina ya nne hupokea UVA. Mjusi anayefugwa chini ya balbu ya kawaida ya nyumbani anaona dunia iliyopunguziwa rangi moja nzima, ikiwamo rangi ya baadhi ya maua, ya majani, na ya miili ya mijusi wenzake. Zaidi ya hapo, iguana na mijusi wengine wengi wana jicho dogo la tatu juu ya utosi, lisiloona taswira bali linalotambua nuru na giza, ambalo huusaidia mwili kufuata mzunguko wa mchana na usiku. Mnyama wa namna hiyo anapotazama juu hatazami kwa macho mawili tu.

UVB ndiyo inayojenga mifupa, na nitaieleza kwa urefu hapa chini. UVC haina nafasi yoyote kizimbani: hewa inayoizunguka dunia huimeza yote, na mwanga wa jua unaofika ardhini hauna karibu chochote chini ya nanomita 290, kwa hiyo hakuna reptilia mwenye kinga dhidi yake. Taa za kuulia vijidudu hutoa UVC, na kumwekea mnyama taa hiyo, hata kwa muda mfupi, ni kumuunguza macho na ngozi. Taa za kukaushia rangi ya kucha na zile za zambarau za kumbi za muziki hutoa UVA, na hazichukui nafasi ya taa ya UVB.

Juu ya nanomita 700 kuna infraredi, yaani joto. Balbu ya halojeni hutoa infraredi ya karibu kwa wingi, na hiyo hupenya ndani ya misuli kama lifanyavyo jua, ilhali kifaa cha kauri cha kupashia joto hutoa infraredi ya mbali inayopasha uso wa ngozi na wa mawe.

## Kwa nini UVB na joto haviachani

Ndani ya ngozi ya reptilia kuna kemikali ya jamii ya kolesteroli. UVB ikiipiga, hasa katika mawimbi yaliyo karibu na nanomita 295, kemikali hiyo hugeuka kuwa mbegu ya vitamini D3, na mbegu hiyo haikamiliki kuwa vitamini mpaka ipate joto la mwili. Kisha vitamini huingia kwenye damu, hubadilishwa mara ya kwanza kwenye ini na mara ya pili kwenye figo, na mwisho huwa homoni inayoliamuru utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula.

Kutokana na safari hiyo mfugaji anapata mambo mawili ya kufanyia kazi. La kwanza ni kwamba taa ya UVB iliyofungwa upande wa baridi wa kizimba, mbali na taa ya joto, imefungwa mahali pasipofaa, kwa kuwa mnyama anayepokea mionzi akiwa baridi haikamilishi kazi, na akienda kutafuta joto anaiacha mionzi nyuma. La pili ni kwamba ngozi ina breki yake: mbegu ya vitamini ikizidi, mionzi ileile huivunja kuwa vitu visivyo na madhara, kwa hiyo D3 inayotengenezwa na ngozi haimzidi mnyama. D3 ya unga inayomezwa na chakula haina breki hiyo, na ikizidishwa huweza kuleta sumu. Hata hivyo breki ya vitamini haimaanishi kwamba mionzi yenyewe haiwezi kuzidi. Ikizidi huunguza ngozi na macho, kama tutakavyoona.

UVB ikikosekana kwa muda mrefu, kalsiamu hupungua kwenye damu, na mwili huanza kuichota kutoka kwenye mifupa yenyewe. Ugonjwa unaofuata ni ndugu wa matege ya watoto: taya hulainika na kuwa kama mpira likibonyezwa, miguu hupinda au kuvimba, uti wa mgongo na mkia huota vifundo, vidole hutetemeka, na mjusi aliyekuwa akitembea huku ameinua tumbo huanza kujikokota. Kwa kobe, gamba hulainika au hukua likiwa limepinda. Mfupa uliokwisha kupinda mara nyingi haunyooki tena, hata mnyama akipona.

## Maneno "wigo kamili" yanamaanisha nini

Kwa ukweli, yanamaanisha kile alichotaka muuzaji. Watengenezaji wengi huyatumia kwa taa yoyote nyeupe inayofanana na mwanga wa mchana, yenye joto la rangi (yaani namba ya aina ya weupe wa mwanga, si joto la kupasha) la Kelvini 5,500 hadi 6,500 na kipimo cha uhalisi wa rangi kinachokaribia 100. Taa yenye sifa hizo hupendeza macho, huotesha mimea kizimbani na humchangamsha mnyama, lakini hakuna hata moja ya tarakimu hizo inayosema lolote kuhusu UVB, na taa iliyoandikwa "wigo kamili" bila UVB kutajwa waziwazi ichukuliwe kuwa haina.

Hata ile inayoitaja huitaja kwa asilimia. Tyubu iliyoandikwa asilimia 12, au namba kama 10.0, inaeleza ni sehemu gani ya mwanga wake wote iliyo UVB, wala haielezi wingi wa mwanga wenyewe. Tyubu nyembamba ya T5 yenye kipenyo cha milimita 16 hutoa mwanga mwingi zaidi kuliko T8 yenye milimita 26, kwa hiyo asilimia 10 ya T5 ni mionzi mingi kuliko asilimia 10 ya T8. Ni sawa na kumlinganisha mtu anayetoa asilimia kumi ya mshahara mkubwa na anayetoa asilimia kumi ya mshahara mdogo. Wengi wamemkosesha au wamemzidishia mnyama kwa kubadilisha tyubu ya aina moja na ya aina nyingine huku wakishikilia asilimia ileile.

## Hatua ya kwanza: mjue mnyama na desturi yake ya jua

Mwaka 2010 mtafiti Gary Ferguson na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mionzi ambayo mijusi na nyoka wa spishi 15 huipokea kwa hiari yao porini, huko Jamaika na Marekani. Waliwagawa katika makundi manne kwa kutumia kielezo cha UV, ambacho ndicho kipimo kilekile kinachotumika katika utabiri wa hali ya hewa kuwaonya watu dhidi ya jua kali. Makundi hayo yamekuwa lugha ya kawaida ya wafugaji, na spishi nyingine nyingi zimepangwa humo baadaye.

Kundi la kwanza ni la wanyama wa usiku na wa kivulini, wenye wastani wa kielezo kati ya 0 na 0.7, humo hupangwa mjusi-kafiri chui na chatu-mpira wa Afrika Magharibi. Kundi la pili, kati ya 0.7 na 1.0, ni la wanaopita juani kwa vipindi vifupi, kama mjusi wa maji wa China. Kundi la tatu, kati ya 1.0 na 2.6, ni la waotaji wa jua la wazi au la kiasi: iguana wa kijani, mjusi-ndevu wa Australia, kinyonga-chui wa Madagaska na kobe wa Mediterania. Kundi la nne, kati ya 2.6 na 3.5, ni la wanaokaa kwenye jua la mchana kutwa, kama mijusi wa jangwani wenye mikia ya miiba.

Hizo ni wastani za mahali mnyama alipokutwa, na mahali pa kuotea panaweza kuzipita. Kwa kundi la kwanza, kilele kinachopendekezwa ni kati ya 0.6 na 1.4, kwa la pili kati ya 1.1 na 3.0, kwa la tatu kati ya 2.9 na 7.4, na kwa la nne kati ya 4.5 na 9.5. Maoni yangu ni kwamba mfugaji wa nyumbani abaki nusu ya chini ya mipaka hiyo. Porini mjusi anayekutwa na kielezo cha 7 ana eneo kubwa la kukimbilia, na kizimbani ana sentimita chache tu.

Kuhusu wanyama wa usiku, hoja ya kwamba hawahitaji UVB hata kidogo imekwisha kudhoofika, kwa kuwa mjusi-kafiri anayetoa mkia au ubavu nje ya ufa wakati wa alfajiri hupata dozi yake ndogo bila mtu kumwona. Nyoka nao hawafanani: nyoka-mahindi wa Marekani waliowekewa taa ya UVB walipandisha vitamini D kwenye damu yao, wakati chatu-mpira waliochunguzwa kwa namna kama hiyo hawakuonyesha badiliko. Nyoka wengi hupata D3 ya kutosha kutoka kwenye ini la mawindo wanaowameza wazima. Kwao taa hafifu ni nyongeza nzuri. Kwa mjusi wa mchana anayekula wadudu au majani, taa ni lazima.

Mnyama asiye na rangi, kama albino, apewe kiwango cha chini zaidi ya ndugu zake wa kawaida, kwani ngozi na macho yake hayana kinga ya kutosha.

## Hatua ya pili: chagua taa

Kwa vizimba vingi, tyubu ndefu ya T5 ndiyo chaguo ninaloliweka mbele. Hutandaza mionzi juu ya eneo pana, haina joto jingi, na huweza kuunganishwa na taa nyingine ya joto bila kugombana nayo. T8 inafaa kizimba kifupi ambamo mnyama anaweza kusogea karibu, au mnyama wa kundi la kwanza. Balbu fupi zilizosokotwa hufaa vizimba vidogo tu: doa lao la mionzi ni jembamba, nguvu yake hushuka haraka mnyama akijitenga kidogo, na mnyama mrefu hupata mionzi kichwani huku mkia ukikosa.

Balbu ya mvuke wa zebaki hutoa mwanga, joto na UVB kwa pamoja, jambo linaloonekana kuwa rahisi mpaka pale unapotaka kupunguza kimoja bila kingine. Haiunganishwi na kifaa cha kupunguza mwanga wala thermostati, yaani kidhibiti joto, ya kuzima na kuwasha, kwa sababu ikizimika haiwaki tena mpaka ipoe. Huning'inizwa wima ikitazama chini, nayo inahitaji kizimba kirefu kwenda juu. Taa ya halidi ya metali hutoa mwanga mkali unaokaribia ule wa mchana, lakini ina kifaa chake maalumu cha kuiendesha ambacho lazima kilingane nayo.

Taa za LED za kawaida, balbu za halojeni na vifaa vya kauri havina UVB. Usivitupe kwa sababu hiyo. Mpango ninaoupenda kwa mjusi wa mchana ni wa taa tatu zinazofanya kazi bega kwa bega: tyubu ya T5 kwa UVB, halojeni kwa joto la kuotea, na utepe wa LED nyeupe ya Kelvini 6,500 kwa ajili ya mwangaza. Hapo ndipo wigo unapokaribia kuwa kamili kweli, na umeunganishwa kutoka taa kadhaa badala ya kutegemewa kwenye balbu moja.

## Hatua ya tatu: funga taa ukihesabu umbali

Hesabu ya umbali huanzia kwenye taa na kuishia mgongoni mwa mnyama, na wengi hukosea kwa kupima hadi sakafuni. Tuchukue kizimba chenye kimo cha sentimita 60, tyubu ikiwa imefungwa ndani kwenye dari, na kitako chake pamoja na kiakisi vikiwa vimeshuka sentimita 5. Jiwe la kuotea lina kimo cha sentimita 15, na mjusi akilala juu yake mgongo wake unafika sentimita 5 zaidi. Umbali wa kweli ni 60 ukitoa 5, ukitoa 15, ukitoa 5, yaani sentimita 35. Mfugaji huyohuyo akibadilisha jiwe na kuweka gogo la sentimita 30, umbali unakuwa sentimita 20, na dozi inaongezeka sana bila taa kuguswa.

Kila mtengenezaji anayejiheshimu huchapisha jedwali la kielezo cha UV kwa kila umbali. Anza na jedwali hilo, kisha ukate kinacholiwa njiani. Wavu wa chuma wa kufunikia kizimba huzuia takribani asilimia 30 hadi 50 ya mionzi, kutegemea unene wa nyuzi zake na ukubwa wa matundu. Taa inayotoa kielezo cha 6.0 mahali fulani pasipo na wavu itatoa 3.9 ikiwa wavu umeondoa asilimia 35, na 3.0 ikiwa umeondoa nusu. Kioo cha kawaida na plastiki ngumu huzuia UVB karibu yote. Kwa hiyo taa haiwekwi juu ya mfuniko wa kioo, na kizimba kilichowekwa dirishani hakipati kitu zaidi ya hatari ya kuwa tanuri.

Kiakisi kinachong'aa nyuma ya tyubu huelekeza chini mionzi ambayo ingepotelea juu, na huweza karibu kuongeza kiwango maradufu. Kikiondolewa au kikiongezwa, vipimo vyote vya awali havifai tena.

Taa ifungwe juu, kamwe isifungwe ubavuni. Reptilia wengi wana ukingo wa mfupa au kope zinazokinga jicho dhidi ya jua la utosini. Hawana kinga dhidi ya jua linalotoka upande wa shavu. Macho yaliyovimba, yanayofumbwa mchana kutwa na kutoa majimaji siku chache baada ya kufungwa taa mpya, mara nyingi ni macho yaliyoungua. Mnyama huyo aondolewe chini ya taa mara moja na apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Tyubu ichukue nusu hadi theluthi mbili ya urefu wa kizimba, ikianzia upande wa joto, ili upande wa pili ubaki na kivuli na ubaridi. Halojeni ikae kando ya tyubu, mwanga wake ukianguka kwenye jiwe lilelile. Mjusi-ndevu huhitaji uso wa jiwe ulio karibu na nyuzi joto 40 huku upande wa baridi ukibaki nyuzi 24 hadi 28. Eneo la kuotea liwe kubwa kiasi cha kuufunika mwili mzima, kuanzia pua hadi mwanzo wa mkia.

Kuhusu umeme, nitasema machache lakini yasipuuzwe. Taa za joto zinahitaji holda ya kauri, kwa kuwa holda ya plastiki huyeyuka. Taa ya joto iliyo ndani ya kizimba izungushiwe kizuizi cha waya asije mnyama akaikumbatia. Waya unaoingia kwenye soketi uachiwe ushuke chini kidogo na kupinda kabla ya kupanda, ili tone la maji kutoka kwenye chupa ya kunyunyizia lidondoke pale kwenye pindo badala ya kuifuata soketi.

## Hatua ya nne: pima

Kipimo cha kielezo cha UV, kama vile Solarmeter 6.5, ndicho kifaa ambacho ningekinunua kabla ya mapambo yoyote ya kizimba, na wafugaji watatu au wanne wakikichangia kinawatosha wote. Usikichanganye na vipimo vya bei ndogo vinavyosoma UVA na UVB kwa pamoja, kwani hivyo vitapanda kwa taa ambayo haimsaidii mnyama kwa lolote.

Washa taa na uiache kwa nusu saa ili itulie. Mtoe mnyama. Shika kipimo pale mgongo wake unapokuwa, jicho la kipimo likitazama taa moja kwa moja, na uandike namba. Kisha pima sentimita 10 kushoto na kulia, pima juu ya tawi la juu kabisa ambalo mnyama anaweza kulifikia, na upime ndani ya kivuli, ambako namba inapaswa kuwa sifuri au karibu na hapo. Tawi la juu ndilo linalosahaulika. Kinyonga atapanda hadi lilipo, na ikiwa jiwe linasoma 3.0 huku tawi lililo jirani ya taa linasoma 9, kizimba hicho ni cha hatari. Iteremshe njia ya kupanda au uinue taa.

Uso wa jiwe upimwe kwa kipimajoto cha infraredi, kile cha kuelekeza kama bunduki, kwa sababu kipimajoto kilichobandikwa ukutani kinaeleza joto la ukuta.

Asiye na kipimo cha UV afuate jedwali la mtengenezaji, akate sehemu ya wavu, achague umbali ulio salama zaidi kati ya miwili anayositasita, na abadilishe taa kwa tarehe.

## Hatua ya tano: mchana uwe mchana, usiku uwe usiku

Taa zote ziunganishwe na taima. Saa 12 za mwanga kwa siku zinawafaa wanyama wa maeneo ya tropiki mwaka mzima. Kwa wanyama wa maeneo yenye misimu, saa 14 wakati wa kiangazi na 10 wakati wa baridi hukaribia hali ya kwao. Ni vizuri LED iwake kwanza, halojeni na UVB zifuate baada ya nusu saa au saa moja, na jioni mpangilio ugeuzwe.

Usiku pawe na giza. Balbu nyekundu na za bluu zinazouzwa kwa ajili ya usiku huonekana na reptilia wengi, ingawa matangazo husema vingine, nazo huvuruga usingizi. Ikiwa chumba kinapoa kupita kiasi, kifaa cha kauri kilichofungwa kwenye thermostati hutoa joto bila mwanga.

## Hatua ya sita: chakula kinachokwenda na taa

UVB hufungua mlango wa kalsiamu, lakini kalsiamu yenyewe hutoka kwenye chakula. Lengo ni uwiano wa kalsiamu mbili kwa fosforasi moja, na nyenje pamoja na wadudu wengine wengi wa kulishia wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Ndiyo maana wadudu hulishwa vizuri siku moja kabla, kisha hupakwa unga wa kalsiamu. Mnyama mwenye taa iliyopimwa na kuonekana nzuri apewe kwa kawaida unga usio na D3, na ule wenye D3 uwe wa mara chache. Asiye na taa ya uhakika hutegemea D3 ya unga, na hapo kosa la kupunguza na kosa la kuzidisha hukaa karibu sana.

Kumtoa mnyama nje kwenye jua halisi kwa muda mfupi ni jambo jema kuliko taa yoyote, mradi awe kwenye kizimba cha wavu chenye kivuli na asiachwe peke yake. Tanki la kioo juani huua kwa dakika chache.

## Hatua ya saba: badilisha kabla jicho halijakuambia

Taa mpya hutoa mionzi mingi kupita kawaida katika saa 100 za mwanzo, kisha hutulia na kushuka polepole. Kwa hiyo siku ya kuibadilisha, ama iwashe taa mpya pembeni kwa siku kadhaa kabla ya kuifunga, ama ifunge ikiwa imeinuliwa kidogo na uishushe baadaye. Mnyama aliyetoka chini ya tyubu iliyokufa, kama alivyokuwa mjusi wangu, hakustahili kupelekwa ghafla kwenye 3.6. Nilimwekea kwanza majani ya kivuli juu ya nusu ya gogo, nikamwacha achague, nikayaondoa kidogokidogo ndani ya majuma mawili.

Bila kipimo, T8 hubadilishwa baada ya miezi 6 na T5 baada ya miezi 12. Mwenye kipimo apime kila mwezi na abadilishe taa pale namba inaposhuka chini ya kiwango cha kundi la mnyama wake. Tyubu na balbu hizi zina zebaki: ikivunjika, fungua madirisha, mtoe mnyama na watoto chumbani, kusanya vipande kwa karatasi ngumu badala ya fagio, na uvipeleke vinakopokelewa taka za hatari.

Kila tyubu ninayoifunga sasa ina kipande cha gundi ya karatasi kwenye ncha yake, kilichoandikwa kwa kalamu tarehe ya kufungwa, umbali hadi mgongoni na namba ya kwanza niliyoisoma.